Nilivyokwenda Kuuliza Maana ya Jina Finehasi

Nilitoka nyumbani Kombewa siku ya Jumanne, baada ya sala ya asubuhi, kwa sababu ya jina moja tu. Wengine husafiri kwa biashara, kwa msiba au kwa ugonjwa. Mimi nilikuwa mzima, sikuwa na msiba, na cha kuuza sikuwa nacho. Lakini jina lile lilikuwa limekaa kifuani kama mwiba wa samaki, na nikajua halitatoka mpaka niende.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka zaidi ya thelathini, na kazi niliyokabidhiwa ni ya majina. Kwetu mtu habatizwi mpaka yeye au mzazi wake asimame mbele ya watu Jumamosi alasiri, ataje jina lililochaguliwa na aeleze maana yake. Desturi hiyo niliianzisha mwenyewe. Zamani watu walikuwa wakiokota majina popote. Baba mmoja alitaka mwanawe abatizwe Farao, kwa kuwa alilisikia likisomwa kanisani akaona lina uzito. Nikasema hapana, tujue kwanza tunabeba nini. Nilikuwa na kitabu kidogo cha majina nilichoachiwa na mwalimu wangu, kimeng'oka jalada, na hicho ndicho kilichokuwa hakimu.

Miaka ishirini na minne iliyopita alikuja mama mmoja kijana aitwaye Yunia, mjane, akiwa na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa amekufa ziwani kabla mtoto hajazaliwa. Alitaka mtoto abatizwe Finehasi. Nilifungua kitabu changu, nikasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Finehasi. Kinywa cha nyoka." Watu wakaguna. Nikamwambia achague jina lingine, yapo mengi mazuri. Alikataa. Kesho yake watoto wengine wote wa siku ile walibatizwa, wa kwake akabaki. Baadaye nikasikia amehamia Asembo Bay kwa dada yake, anauza samaki. Nilimwombea miaka mingi, kama mtu anavyomwombea aliyepotea njia.

Jumapili iliyotangulia safari hii, baada ya ibada, Sista Akinyi, muuguzi wa hospitali yetu, aliniletea chai akiwa na kicheko mdomoni.

"Mzee Elkana, nilikuwa mazishini Kisumu. Kuna padri Mmisri pale, mzee kama wewe. Anasema jina Finehasi ni la kwao. Ati maana yake ni mtu mweusi."

"Nani amemwambia?"

"Si ni lugha yao, Mzee? Au naye aende akaulize kwa kile kitabu chako?"

Akaenda zake akicheka. Chai ilipoa mkononi mwangu. Nyumbani nilimweleza mke wangu Turfena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Usipokwenda utanisumbua mimi."

Jumanne hiyo jirani yangu alikuwa akipeleka mihogo Kisumu kwa gari lake la mizigo, akanipa kiti cha mbele. Tulipita Holo, kisha Kisian, vilima vya mawe vikiwa kushoto na ziwa likionekana kulia kila barabara ilipoinuka. Nimepita njia hiyo tangu ujana. Siku hiyo nilisema kidogo. Jirani yangu aliniuliza kama naenda kuonana na daktari, nikamwambia naenda kuonana na padri. Akapunguza mwendo, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, imefika huko?" Nikamhakikishia kwamba siko karibu kufa, naenda kuuliza neno. Hakuamini, maana aliponishusha mjini alinishika mkono kwa muda mrefu.

Kisumu, saa nne asubuhi, nilimkuta padri katika nyumba ndogo yenye ua uliofagiliwa vizuri, katika mtaa mtulivu usio mbali na ziwa. Ana ndevu nyeupe hadi kifuani, na kofia nyeusi iliyotariziwa misalaba. Watu wake humwita Abuna, yaani baba yetu, na jina lake ni Bakhum. Amekaa Kenya miaka mingi na Kiswahili chake ni cha darasani, kila neno limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Umekuja kwa ugonjwa, Mzee?" aliniuliza.

"Nimekuja kwa jina."

"Karibu ndani. Wanaokuja kwa ugonjwa ni wengi. Kwa jina wewe ni wa kwanza."

Alinitilia chai yenye sukari nyingi mno, akachukua karatasi. Nilipotaja Finehasi alitabasamu, akaliandika kwa herufi ambazo sikuwahi kuziona, kisha akalikata kwa mstari mdogo katikati. Sehemu ya kwanza, alisema, ni *pa*. Hiyo ni kama kusema "yule". Sehemu ya pili ni *nehesi*. Ndivyo Wamisri wa kale walivyowaita watu wa kusini, mto unakotoka, nchi ya watu weusi. Pa-nehesi. Yule wa kusini. Yule mweusi.

"Na nyoka?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Waliokuwa wakijua Kiebrania peke yake walilisikia kwa masikio ya Kiebrania, wakakisia kinywa, wakakisia nyoka. Wengine wakasema kinywa cha shaba. Walikuwa watu wema. Walikuwa wakimtafsiri mgeni bila kumuuliza kwao ni wapi."

Nina miaka sabini na mitatu. Nimesoma kitabu cha Kutoka na cha Hesabu mara nisizoweza kukumbuka, na kila mara nilitaja jina la Finehasi, mwana wa Eleazari, mwana wa Haruni. Sikujua kwamba kila nilipolitaja, kinywa changu kilikuwa kikisema neno la Wamisri wa kale, lililo zee kuliko Israeli yenyewe. Na kwamba katika ukoo wa makuhani, mtoto alipewa jina la watu wa rangi yangu, na hakuna aliyeona haya.

"Basi alikuwa mweusi kama mimi?" nikauliza.

Abuna Bakhum akainua mkono. "Hilo sijui. Jina si picha. Ninachojua ni kwamba aliyempa jina hilo aliliona kuwa zuri."

Mchana wote alinifungulia maneno, na mimi nikawa kama mtu anayeonyeshwa vyumba vya nyumba aliyodhani anaijua. Farao, alisema, maana yake ni nyumba kubwa. Watu waliogopa kumtaja mfalme, wakataja jumba lake. "Kama nyinyi mnavyosema Ikulu imesema," akaongeza, nikacheka mpaka nikaiweka chini chai yake, nikimkumbuka yule baba aliyetaka kumwita mwanawe jumba. Musa, alisema, wengi wa wanaoijua lugha ile husikia ndani yake neno la Kimisri la kuzaliwa, la mtoto. Binti Farao alikuwa Mmisri, naye hakuwa na lugha nyingine ya kumwitia mtoto aliyemwokota. Waisraeli wakasikia katika jina hilohilo neno lao la kutolewa majini. "Mungu hakuona taabu kulitumia kwa pande zote mbili," alisema.

Nilimuuliza lugha hiyo iko wapi sasa. Akaniambia kwamba kwanza iliandikwa kwa picha, ndege na macho na mikono, juu ya mawe. Miaka mingi baadaye ikaandikwa kwa herufi za Kiyunani pamoja na chache za kwao. Nyumbani haisemwi tena, Wamisri wanasema Kiarabu. Lakini kanisani mwao bado wanaiomba. Alisimama, akageukia ukuta wenye msalaba, akaanza Sala ya Bwana. Neno la kwanza lilikuwa *Peniot*, Baba yetu. "*Iot* ni baba," aliniambia alipomaliza. "Waliojenga piramidi waliwaita baba zao kwa neno hili, ingawa ulimi wao ulikuwa tofauti kidogo na wangu. Mmoja wao akiamka leo hataelewa habari ya simu yangu. Lakini kwa neno hili atageuza kichwa."

Nilijikuta nimevua kofia. Sikumbuki niliivua saa ngapi.

Nilimuuliza lile lililokuwa likinitisha. "Abuna, mababu zenu waliabudu sanamu. Maneno haya yote yalitoka katika vinywa vilivyoabudu sanamu. Mtu anayelibeba jina kama hilo haingizi kitu kibaya kanisani?"

"Unajua jina langu maana yake nini?" alisema. "Bakhum. Ni tai, ndege mkubwa wa kuwinda. Wazee wetu wa kale walichonga mfano wa ndege kama huyo, wakausujudia. Baadaye watawa watakatifu wakaitwa kwa jina hilo, na leo naitwa hivyo nikiwa nimeshika kikombe cha Bwana. Neno nalo hubatizwa, Mzee."

Jumatano asubuhi, baada ya kulala kwa binamu yangu mtaani Nyalenda, nilikutana tena na Abuna, naye akataka twende Dunga kwenye ufuo. Wanawake wa samaki wanamfahamu. Mmoja aliyekuwa akipaa samaki aina ya ngege alipiga kelele, "Abuna! Leo umekuja na kaka yako?"

"Huyu ndiye mkubwa," alijibu. "Mimi ni mdogo wake."

"Basi mkubwa anunue samaki!"

Nikamwambia nitanunua nikirudi. Akasema kila mwanamume husema hivyo, hata marehemu mumewe.

Tulitembea hadi mafunjo yanapoanza, marefu kutupita, vichwa vyao kama nywele zilizosimama. Abuna alishika shina moja, akanikumbusha kisa cha mama aliyemweka mtoto katika kisafina kando ya mto. Wanaochunguza lugha, alisema, wanaona kwamba katika mstari ule mmoja neno la kisafina, neno la mafunjo, neno la manyasi ya majini na neno la mto yote yana asili ya Kimisri. Aliyesimulia kisa hicho kwa Kiebrania hakuwa na namna nyingine ya kukisimulia. Mtoto alielea juu ya mto wa Misri, ndani ya maneno ya Misri.

"Na mto waliuitaje?" nikauliza.

"Mto. Katika sala zetu ni *iaro*. Hawakuhitaji kuupa jina lingine, kwao ulikuwa mmoja tu." Akaonyesha maji kwa ndevu zake. "Na haya ndiyo yanayokwenda kule. Nilipofika hapa mara ya kwanza niliyagusa, nikalia kama mtoto. Watu wakadhani nimepoteza pesa."

Nilimwambia kwamba wazee wa Kijaluo husema mababu zetu walikuja wakiufuata mto huo kutoka kaskazini. Pengine tuliwahi kuwa majirani. Alinisikiliza kwa heshima, akasema hilo halijui, yeye anajua maneno machache tu. Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo.

Kisha, bila mimi kumuuliza, akaniambia neno la jina lenyewe. Kwa lugha yao jina ni *ran*, na wale wa kale walisema *ren*. Waliamini kwamba mtu ana moyo, ana kivuli, na ana jina, na vyote ni viungo vyake sawasawa na mkono. Kwa hiyo adui akitaka kumwangamiza mtu kabisa, alikwenda kulifuta jina lake kwenye jiwe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mauti ya pili.

Hapo nikamweleza habari za Yunia. Sikuficha kitu. Nilisema nilivyosoma kwa sauti, watu walivyoguna, na mtoto alivyobaki. Abuna Bakhum alinigeukia.

"Huyo mama yuko hai?"

"Yuko Asembo Bay."

"Basi kwa nini bado uko Kisumu?"

Alhamisi, mapema, nikapanda matatu ya kurudi magharibi. Tulipofika Kombewa dereva aliuliza kama kuna wa kushuka. Niliona mti wa lango letu, nikaona hata kanga za Turfena zimeanikwa kwenye ua, nami sikufungua mdomo. Sijawahi kupita kwangu bila kushuka. Mbele tukaacha barabara kubwa ya Bondo, tukashika ile ya ziwani, na pale gari lilipoishia nikapanda pikipiki. Karatasi ya Abuna nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya koti.

Asembo Bay, karibu saa sita, jua lilikuwa kali na ufuo umejaa. Nilimuuliza mwanamke mmoja kwa Yunia ni wapi. Akaelekeza kwa kidevu. Nilimwona akiwa ameinama juu ya vichanja, akigeuza samaki waliopasuliwa na kuanikwa juani. Amenenepa, nywele zina mvi. Alinyooka, akaweka mkono juu ya macho.

"Uuuwi! Mwalimu wa majina! Umepotea njia?"

"Sijapotea, Yunia. Nimekuja kwako."

"Kwangu? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa habari ya lile jina."

Alinitazama. Kisha akageuza kreti la samaki, akalipangusa kwa leso yake, akasema, "Kaa. Mtu mzima hasemi neno la miaka ishirini akiwa amesimama." Akaniletea maji ya kunywa, akarudi kwenye samaki wake, nami nikasema na mgongo wake. Tulizungumza Kijaluo, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Nilitoa karatasi. Aliniambia mikono yake ina samaki, nimsomee. Nikasoma: yule wa kusini, yule mweusi. Nikaeleza habari ya Wamisri, na Haruni, na kitabu changu kilivyokosea, na mimi nilivyokosea pamoja nacho. Alianza kucheka, mabega yakitikisika.

"Mweusi! Hapo Wamisri wamesema kweli. Baba mkwe wangu akipita, sufuria zilimwonea wivu."

Wanawake wa vichanja vya jirani wakacheka naye. Mimi pia nikacheka, na nikafikiri yamekwisha kirahisi. Ndipo akageuka.

"Mwalimu, unakumbuka siku ile uliniuliza maana ya jina, nami nilikujibu nini?"

"Hukujibu kitu. Ndiyo maana nikafungua kitabu."

"Nilijibu. Nilikuwa nimesimama karibu na ile nguzo ya mbele. Nilisema, maana yake ni baba mkwe wangu. Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, Mwalimu. Ulicheka kwanza, halafu ndipo ukafungua kitabu."

Niliitafuta siku hiyo kichwani, nikaipata. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekumbuka guno la watu, kicheko nilikuwa nimekitupa.

Akaniambia mengine niliyopaswa kuyauliza siku ile. Alipofiwa na mume, baba mkwe wake, mzee Finehasi, ndiye aliyemlinda asifukuzwe nyumbani. Akamlimia, akamchotea maji yeye mwenyewe, mwanamume mzee, na majirani wakimcheka. Alikufa mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa. Mtoto alilia siku mbili, akakataa titi. Wakafanya kama wazee wetu walivyofanya siku zote, wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Waliposema Finehasi alinyamaza, akanyonya.

"Sasa wewe ukaniuliza maana," alisema. "Ningekuambia maana gani nyingine?"

Niliketi juu ya lile kreti nikiwa na karatasi yangu mkononi. Nilikuwa nimesafiri siku tatu na kukaa miguuni pa mtu mwenye elimu, ili nijue kwamba Wamisri wa kale waliona jina kuwa ni mtu mwenyewe. Na mama huyu alikuwa ameniambia neno hilohilo bure, karibu na nguzo ya kanisa langu. Nilipiga magoti kwenye mchanga. Magoti yangu si ya kupigwa ovyo siku hizi, lakini yalikwenda.

"Inuka, Mwalimu, utachafua suruali," alisema, na sauti yake haikuwa na dhihaka. "Mimi nilikusamehe zamani. Kukasirika ni kazi, na mimi nina kazi nyingine. Lakini hukunikosea mimi peke yangu. Ulimwita mzee wa watu nyoka mbele ya watu. Muulize mwanangu."

Mwanawe alikuwa akija kutoka kwenye mashua, mikono myeusi kwa oili. Anatengeneza injini za mashua, na mkono wake unasifiwa ufuo mzima. Kwa kuwa hakubatizwa Finehasi, wanamwita Ochieng'. Mama yake alimweleza mimi ni nani. Hakunipa mkono, akasema una oili, na pengine kweli ilikuwa oili.

"Mzee, mimi ndiye yule mwana wa nyoka," alisema.

Akaniambia kila anapokwenda Kombewa kwenye mazishi au harusi, kuna watu wanaomwita hivyo. Kwanza ilikuwa mzaha wa wakubwa, kisha wenzake wa rika wakaurithi bila kujua ulikotoka. Baba yake na babu yake wamezikwa pale. Shamba lake liko pale, limeota vichaka. Mwanamume wa Kijaluo hujenga kwa baba yake, na yeye umri wa kujenga umefika, hata msichana wa kuoa yuko. Lakini hataki kumpeleka mke mahali ambapo mtoto wake ataitwa mjukuu wa nyoka.

"Nitasema kanisani," nikamwambia. "Jumapili hii hii, mbele ya wote."

Akatikisa kichwa. "Kanisani watasikia waliotulia. Wanaonicheka wako sokoni, Mzee. Ukitaka kunisaidia, sema sokoni."

Mama yake akamkemea kwamba huyu ni mzee wa kanisa, hawezi kupiga kelele sokoni kama mwuza dawa ya panya. Ochieng' akasema, "Basi." Akarudi kwenye injini yake.

Ijumaa nilifika nyumbani na samaki watano niliopewa na Yunia. Turfena aliwapokea, akanisikiliza, akasema, "Sokoni?" Halafu akaenda kunipigia pasi shati jeupe.

Jumapili nilisema kanisani, na watu walinisikiliza kwa utulivu, wengine wakafuta macho. Ilikuwa rahisi. Ni watu wangu.

Siku ya soko, saa tano, nilisimama Kombewa katikati ya nguo za mitumba na mtu mwenye meza ya dawa za miti, mwenye kipaza sauti. Nilijaribu kuanza. Sauti yangu, ambayo kanisani hufika hadi mlangoni, ilimezwa na kelele zote zile. Mwuza viazi akauliza, "Mzee anauza nini?" Mwingine akajibu, "Pengine anatafuta ng'ombe wake aliyepotea." Yule wa dawa za miti alinihurumia. "Mzee, chukua spika. Lakini usinifukuzie wateja, na ukimaliza sema dawa ya mgongo iko hapa."

Nikaipokea. Nikasema mimi ni Elkana, wengi mnanijua, nimewapa wengi wenu majina. Nikasema nilikosea jina moja. Nikalitaja: Finehasi. Kwa upande fulani nikasikia mtu akisema "nyoka" na wenzake wakicheka, nikageukia huko huko. Nikasema, "Neno hilo ni langu. Mimi ndiye niliyelileta hapa, na leo nimekuja kulichukua." Nikawaeleza jina hilo ni la lugha ya Wamisri wa kale, la mtu wa kusini, mtu mweusi, na lilibebwa na mjukuu wa Haruni. Kisha nikaona wanasikiliza kwa adabu tu, kama watu wanaosubiri bei. Nikaiacha Misri. Nikawaambia habari za mzee mmoja aliyemchotea maji mke wa marehemu mwanawe, mchana kweupe, watu wakimcheka.

Mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu ya mboga akasimama. "Finehasi huyo alinijengea ghala nilipofiwa," alisema kwa nguvu, hakuhitaji spika. "Na hakutaka hata chai." Mwanamume mwingine akasema alimfundisha kushika jembe la ng'ombe. Mwingine akasema alikuwa na mdomo kweli, mdomo wa kuimba, mazishini hakuna aliyemfikia. Watu waliokuwa wamesahau wakaanza kukumbushana, wenyewe kwa wenyewe, wakinipa mgongo, na mimi nikamrudishia mwenye spika mali yake. Nikasema pia habari ya dawa ya mgongo, maana nilikuwa nimeahidi.

Ndipo nilipomwona Ochieng' kando ya duka la bati, kofia ya pikipiki mkononi. Hakuja kwangu. Alikuwa akisikiliza wale wazee.

Mwezi uliofuata vichaka vilifyekwa kwenye shamba la babu yake. Nyumba ikasimama, ya mabati manne kwa upana, na lango. Kwetu boma huitwa kwa jina la mwenyewe, na sasa mgeni akiuliza njia ya kwenda mtoni huambiwa apite kwa Finehasi, kisha akunje kushoto.

Mimi nilidhani majina ni vitu vya kupimwa kwa kitabu. Mungu alinizungusha Kisumu na Asembo, akanionyesha maneno yaliyoishi kuliko falme zilizoyasema, kisha akanionyesha kwamba yaliishi kwa sababu kuna mtu aliyeendelea kumwita mwenziwe kwa hayo. Jumamosi alasiri bado watu husimama mbele yangu na majina yao. Siku hizi nawauliza kwanza: ni la nani? Nikishasikiliza, ndipo naulizia maana, kama muda ungalipo.

Ochieng' bado hajabatizwa. Huja kanisani, huketi na mkewe karibu na dirisha. Juzi nilimuuliza, kwa upole nilioweza, kama amelifikiria jambo hilo.

"Nalifikiria, Mzee," alisema. "Wewe ulinichelewesha miaka ishirini na minne. Si unaweza kunipa miezi?"

Nikamwambia naweza. Basi namngoja, nami namshukuru Mungu kwamba safari hii ni mimi ninayengojeshwa.